Masomo Saba, na Lile Tuliloliacha

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Aliyelala na simu kifuani aamke. Siandiki ili kuwafurahisha. Nimeishia darasa la nne, na daftari hili nimelijaza kwa wiki kadhaa, mchana, nikitoka shambani. Neno likikaa vibaya liacheni likae. Ninachotaka mjue ni jinsi mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilivyomfungia mjukuu wangu mlango wa chuo kikuu, na jinsi watu wenye vyeti walivyonipigia makofi nilipokuwa naufunga.

Mjukuu huyu ni msichana, mtoto wa binti yangu mkubwa. Mama yake yuko kisiwani Bumbire, anaanika dagaa, anavuka kuja nyumbani akipata nafasi. Mtoto nimemlea mimi hapa Muleba, kwenye kibanja alichoniachia marehemu mume wangu, migomba na kahawa mpaka ukutani mwa nyumba. Alipokuwa darasa la sita nilikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani. Wakaja watu wa ardhi na chombo chao cha miguu mitatu, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Yule mwanamke akachungulia kwenye kioo, akaandika, akaonyesha pa kupigilia kigingi, na wanaume waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi wakanyamaza. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, mimi nitafanya kazi ya yule mama." Tangu siku hiyo hakubadilisha. Wenzake leo daktari, kesho rubani. Yeye ardhi. Alipofika sekondari akajua hata jina la masomo yenyewe, mipango ya ardhi, akawa analitamka kama mtu anayetaja kwao.

Sasa sikilizeni tulivyoharibu.

Alikuwa kidato cha tatu, shule ya kata, anakwenda na kurudi kwa miguu. Siku moja nikamkuta jikoni anatumia karatasi ya mtihani kuwashia moto. Nikainyang'anya.

"Umepata ngapi?"

"Nane."

"Nane ya kumi?"

Akatazama kuni. "Ya mia, Bibi."

"Nane ya mia. Na wenzako?"

"Mimi ni wa tano darasani."

Nikauliza mwalimu wao wa hesabu yuko wapi. Akasema yupo, ila ni mmoja kwa shule nzima, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, na wakati mwingine wiki inapita hajaonekana darasani kwao kwa sababu yuko kwenye madarasa mengine. Kisha akasema, bila wasiwasi wowote, akiniita kwa heshima ya Kihaya, "Lakini haina shida, waitu. Mwalimu wa taaluma amesema tuchague saba."

Hilo la saba nililielewa kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu wa taaluma, ndiye anayesimamia masomo ya shule nzima, alisimama mbele na chaki, akatuchorea. Mtoto wa kidato cha nne anafanya masomo mengi, lakini divisheni yake inatokana na saba aliyofanya vizuri zaidi. La nane na la tisa, hata akipata F, hayaingii. Kwa hiyo, akasema, mtoto asipoteze muda kwenye hesabu, maana hesabu ni ngumu na mwalimu ni mmoja. Aweke nguvu kwenye saba zake, apate divisheni nzuri, aende kidato cha tano. Hesabu waachiwe wenye nazo.

Baba mmoja wa Kagoma, mfanyabiashara wa kahawa, akauliza, "Mwalimu, mtoto aache hesabu kabisa? Sasa si atadanganywa sokoni?" Watu wakacheka. Mwalimu akaanza kujikanyaga.

Hapo ndipo niliposimama. Hakuna aliyenituma. Nilisimama kwa sababu jambo lile nilidhani nalijua. Nikawaambia: "Jamani, sisi sote tuna vibanja. Shina la mgomba unaliachia machipukizi mangapi? Mama, mtoto, mjukuu. Machipukizi mengine unayang'oa, hata kama ni ya kijani na yanapendeza, kwa sababu ukiyaacha yote hupati mkungu wa maana. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Mwacheni alee saba, la nane ling'oeni."

Nilipigiwa makofi. Baba wa Kagoma akasema, "Bibi amemaliza," akakaa. Mwalimu wa taaluma akanishukuru mbele ya watu, na mkuu wa shule akatikisa kichwa kukubali. Nilirudi nyumbani nimenyooka kama msichana. Nilipofika nikamwambia mjukuu wangu, "Hesabu achana nazo." Akasema sawa Bibi. Alisema haraka mno. Ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini mtoto anafurahi kupunguziwa kitu ambacho hajakijua.

Siku ya mtihani wa taifa wa hesabu alirudi mapema. Nikauliza umefanyaje. Akasema aliandika namba yake, akajibu swali la kwanza, akalala juu ya meza mpaka wasimamizi waliporuhusu watu kutoka. Darasa karibu zima walilala. Nikamwekea chakula.

Matokeo yalipotoka alikuwa na divisheni ya pili. Tulichinja jogoo. Mjomba wake, ambaye ni mwanangu wa kiume na nyumba yake iko humu humu kwenye kibanja, alisoma matokeo kwenye simu kwa sauti, somo moja moja, watoto wakishangilia. Alipofika kwenye hesabu akasema, "Hii F ni ile tuliyokubaliana," tukacheka tena. Naliandika hili kwa uchungu. Tulicheka.

Akapangiwa kidato cha tano, shule ya bweni, kombi ya kemia, baiolojia na jiografia. Kumbe huko, mtu wa kombi hiyo lazima asome na hesabu nyingine ndogo juu yake, wanaiita BAM. Likizo ya kwanza nikamwuliza hiyo BAM ikoje. Akasema, "Bibi, mwalimu anaingia anasema kama mnavyokumbuka kutoka kidato cha pili. Mimi sikumbuki kitu. Naandika tu kama ubaoni kulivyo." Miaka miwili aliandika kama ubaoni kulivyo. Jiografia alifaulu, baiolojia na kemia alifaulu, akatoka tena na divisheni ya pili. BAM akapata F. Mimi sikujali hata kidogo, nilishazoea kwamba F moja ni ya kawaida, kama kovu la chanjo.

Basi mwaka huu, dirisha la kuomba vyuo lilipokaribia kufungwa, tukapanda gari asubuhi kwenda Bukoba, mimi na yeye. Tungeweza kujaza hata Muleba, lakini nilitaka tujaziwe na mtu aliyezoea. Kuna mama mmoja pale mjini ana steshenari karibu na soko, Mwislamu, mzaliwa wa Bukoba, babu yake alitoka pwani. Ana maneno laini na vidole vyepesi. Alituwekea benchi, akaandika namba ya mtihani ya mjukuu wangu, matokeo yakajileta yenyewe kwenye kioo. Akabofya, akabofya tena. Akavua miwani.

"Bibi, inakataa."

"Inakataa nini?"

"Kozi. Inasema hana sifa."

"Nani hana sifa? Huyu ana divisheni ya pili mara mbili."

"Naiona, Bibi, na nampa hongera. Ila kozi hii ya ardhi wanataka awe amefaulu BAM, au kama hakufaulu, awe na D ya hesabu kidato cha nne. Yeye ana F huku na F huku."

"Mwambie shuleni walituambia tuiache."

"Nimwambie nani?"

"Huyo anayekataa."

"Humu hamna mtu, Bibi. Ni mtambo tu."

"Mtambo una wenyewe. Wapigie."

Nyuma yetu kulikuwa na mzee anangoja kutoa nakala ya kadi yake ya kliniki. Akasema kwa Kihaya, taratibu, kwamba kama yule wa kwenye mtambo atapokea simu, na yeye amuulizie habari za pensheni yake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mjukuu wangu alikuwa amesogea karibu na kioo anasoma maandishi ya Kiingereza, midomo inatikisika.

Nikamwuliza yule mama, "Hili sharti wameliweka lini? Mwaka huu?"

"Siyo la mwaka huu, Bibi. Liko kwenye mwongozo, na mwongozo unatoka kila mwaka, yeyote anaweza kuusoma. Tatizo watu wanaufungua siku ya kuomba."

Mwongozo wa chuo, ambao ndio unaosema mtoto aliye kidato cha pili ashike nini na asiache nini, tunaufungua akiwa ameshamaliza kidato cha sita. Ni sawa na kuuliza njia ukiwa umeshafika usikokwenda.

Yule mama akasema hakuna haja ya kulia, zipo kozi zinazokubali hapo hapo. Akazitaja. Maendeleo ya jamii. Ualimu wa masomo aliyofaulu. Nyingine sikuielewa. "Nijaze? Dirisha limebakiza siku nne." Mjukuu wangu akasema, "Usijaze, Mama. Naomba usijaze." Tukaondoka. Njia nzima nilikuwa na hasira nisijue nimkasirikie nani, maana kila niliyemfikiria alikuwa anaishia kunitazama mimi.

Kesho yake nilikwenda ile shule ya kata. Mwalimu wa taaluma ni yule yule. Akanipa kiti, akaagiza chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Bibi, lakini hata wewe uliunga mkono."

"Mimi ni mtu wa darasa la nne, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma huo mwongozo."

Akazungusha kikombe. Akasema shule inapimwa kwa divisheni. Matokeo yakitoka, mkuu wa shule anaitwa anaulizwa divisheni ngapi, hakuna anayemwuliza watoto wangapi waliingia kozi waliyoitaka. "Na kwa kweli," akaongeza, akidhani ananifurahisha, "ule mfano wako wa machipukizi ulitusaidia sana. Mpaka leo kila mwaka tunawaambia kidato cha tatu. Tunasema, Bibi mmoja hapa alitufundisha."

Kila mwaka. Watoto wa watu, ambao sijui hata nyuso zao.

Chai sikuinywa. Nikatoka nikamtafuta mwalimu wa hesabu. Nilimkuta kwenye veranda, kwenye meza ndogo, madaftari yamempita kichwa. Ni mtu wa makamo, mkavu, shati limejaa chaki mabegani. Nikajitambulisha. Akasema, "Wewe ndiwe Bibi wa migomba?" Nikasema ndimi. Akasema, "Mimi kwenye kile kikao sikuitwa. Nilikuwa darasani."

Nikamwuliza kama kuna dawa. Akasema ipo, aurudie mtihani wa kidato cha nne, hesabu peke yake, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kurisiti, ndivyo wanavyoita. Lakini mwaka huu uandikishaji umeshapita. Atajiandikisha mwakani, afanye mtihani mwishoni mwa mwaka huo, aombe chuo mwaka unaofuata. Miaka miwili, kwa ajili ya D moja. "Mlete kesho nimpime," akasema.

Nilimleta. Mwalimu akampa karatasi yenye maswali kumi, nami nikakaa kwenye ngazi. Swali la kwanza lilikuwa kujumlisha nusu na theluthi. Mjukuu wangu, mwenye cheti cha kidato cha sita, aliandika mbili ya tano. Mwalimu hakumcheka. Akanigeukia mimi.

"Bibi, ukimpa jirani nusu ya mkungu, na mwingine theluthi, umebakiwa na ngapi?"

"Kichana kimoja au viwili. Karibu umekwisha."

"Sasa mbili ya tano haifiki hata nusu. Unaona?" Akamwambia mjukuu wangu, "Bibi yako anajua na wewe hujui. Ulipotelea wapi?"

Msichana akainamisha uso. Akasema darasa la sita alikuwa akielewa kidogo. Alipoingia kidato cha kwanza hesabu zikaja zilezile lakini kwa Kiingereza, akaona haya kuuliza, akangoja zitakazokuja baadaye labda ataelewa. Za baadaye zikapanda juu ya zile. Mwalimu akasema, "Basi tatizo lako liko darasa la sita, siyo kidato cha sita. Hilo linatibika." Akasema muda wa kumfundisha peke yake hana. Ila kama hataona haya, aje kila asubuhi akae nyuma kwenye vipindi vyake vya kidato cha kwanza, kisha cha pili, na mchana amsaidie kusahihisha madaftari ya wadogo. "Ukisahihisha makosa ya wenzako mia utayaona ya kwako."

Mjukuu wangu akauliza, "Na watoto wa kijijini kwetu wako humo?"

"Wamo," mwalimu akasema. "Watakuona."

Ijumaa ile kulikuwa na kikao cha wazazi. Nikaomba nafasi ya kuzungumza, nikaambiwa ajenda zimejaa, labda kwenye mengineyo. Mnajua mengineyo. Ni wakati watu wanatafuta viatu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya bati, nusu ya wazazi wameshasimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyesema la nane ling'olewe. Nilikosea. Shina la mgomba nimelilima miaka hamsini, la shule sikuwahi kulilima hata siku moja, na nilisema kama mwenyeji. Mtoto wangu amefungiwa mlango. Nendeni mkaulize kozi anayoitaka mtoto wako inadai nini kabla hajafika kidato cha tatu."

Sijui waliosikia ni wangapi. Mvua ilikuwa kali. Mama mmoja akaja akanishika mkono akauliza huo mwongozo unapatikana wapi, nikampeleka kwa mwalimu wa hesabu. Baba mwingine akasema, "Bibi leo umegeuka upepo," akajifunika gazeti akaondoka. Mwalimu wa taaluma akafunga kikao. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya dirisha. Asubuhi mwanangu, yule mjomba, alikuja sebuleni amekunja uso.

"Mama, ajaze maendeleo ya jamii. Chuo ni chuo. Miaka miwili hapa nyumbani atafanya nini? Akae na watoto wa kidato cha kwanza, mtu mzima, kijiji kizima kitatuzomea."

"Ulimwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini, naye haijui hata nusu na theluthi?"

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Nilidhani atalia. Akasema, "Mjomba, ni tano ya sita." Alikuwa amejua tangu jana. Kisha akasema, "Naogopa. Naweza kukaa miaka miwili nikapata F tena. Lakini nikijaza ile nyingine, kila nikiona kigingi cha mpaka nitajua niliogopa."

Mwanangu akanigeukia, "Mama, na wewe unakubali?"

Sikumjibu haraka. Mara ya kwanza nilijibu haraka mkaona kilichotokea. Nilimwangalia mtoto. Mikono yake ilikuwa na wino mwekundu, tayari mwalimu alikuwa amempa rundo la kwanza la madaftari. Nikamwambia azime simu, dirisha lipite.

Lilipita. Jioni, kabla ya kula, nikawaita wote, mwanangu na mke wake, na wajukuu wawili wadogo wa shule ya msingi. Nikawaambia hivi: Kuanzia Jumatatu huyu anatoka hapa saa moja kasorobo na daftari lake, na hatumwi maji, hatumwi kuni, hatumwi sokoni mpaka amalize. Maji atachota mjomba wake. Atakayemcheka kwamba anakaa na watoto, jikoni kwangu asije. Na ninyi wawili, kila mkitoka shule, leteni hapa mezani hesabu mliyoshindwa siku hiyo, siyo mliyoipata. Asiyekuwa na hata moja ya kushindwa nitajua amedanganya, na atakaa na njaa mpaka aikumbuke.